Mjomba ni polisi mstaafu Marekani, anadai anaruhusiwa kutembea na bastola majimbo yote 50. Kweli au chai?

Mpwa wa Houston #1

Wakuu, habari za jioni.

Niko Houston kwa mjomba, mwezi wa tatu sasa. Mjomba alikuwa naibu sherifu wa kaunti kwa miaka 21, amestaafu 2019. Kila asubuhi kabla hajaenda kununua maziwa anavaa mkanda, anachomeka mguu wa kuku upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga, anashusha shati, halafu anajigeuza mbele ya kioo cha sebuleni kama bibi harusi anayepima gauni. Ananiuliza, "Inaonekana?" Nikisema haionekani, ndiyo anachukua funguo za gari.

Sasa mwezi Juni tulienda New Jersey kwa gari kwenye harusi ya binti wa shangazi. Tukapita Louisiana, Alabama, Tennessee, Virginia mpaka Maryland, na mzigo uko kiunoni njia nzima. Nikamuuliza kama ana vibali vya majimbo yote hayo. Akacheka, akatoa kadi mbili kwenye pochi, akasema, "Hizi tu. Majimbo hamsini."

Maswali yangu mawili. Kwanza, ni kweli au mjomba ananinywesha chai? Pili, kama ni kweli, kwa nini? Baba yangu mdogo alistaafu upolisi Mwanza, akarudisha kila kitu mpaka mkanda. Huyu wa huku kaondoka kazini na bado anatembea kama yuko zamu.

Chumvi Kidogo #2

Chai. Nipo Ohio mwaka wa 9. Kila jimbo lina sheria yake ya silaha, kibali cha Texas hakitambuliki New Jersey. Mwambie mjomba ana bahati hakusimamishwa.

Dereva wa Trela #3

Chumvi, hapo umeteleza. Unachosema ni sawa kwa raia wa kawaida kama mimi na wewe. Polisi wana sheria yao ya taifa, inaitwa LEOSA, Bush aliisaini Julai 2004. Ina vifungu viwili, kimoja cha walio kazini na kingine cha waliotoka kazini. Ukitimiza masharti yake, sheria za jimbo za kuficha silaha mwilini hazikuhusu, uwe New York, uwe California.

Najua kwa sababu jirani yangu wa kule ninakoegesha trela ni mstaafu, na hiyo ndiyo hadithi yake kila Jumamosi.

Mama Zuhura #4

Ni kweli ila msimwache kijana anafikiri ni rahisi hivyo. Nimefanya kazi jela ya kaunti miaka 11 na miezi miwili, nayajua masharti haya kama ninavyojua ada ya mwanangu.

Lazima uwe uliondoka kazini vizuri, si kwa kufukuzwa. Lazima uwe ulikuwa na mamlaka ya kisheria ya kukamata. Utumishi uwe jumla ya miaka 10 au zaidi, ukikusanya hata kwa ofisi tofauti; aliyeumia kazini akatolewa kwa ulemavu anatosha akiwa amemaliza kipindi cha majaribio. Daktari wa ofisi asiwe amekuandika kuwa akili haiko sawa kwa kazi. Usiwe mtu aliyekatazwa silaha na sheria ya taifa, mfano umewahi kuhukumiwa kosa kubwa au kumpiga mwenzi wako. Usiwe umelewa. Na kila miezi 12 ukalenge shabaha kwa pesa yako mwenyewe, kwa kipimo kile kile cha walio kazini.

Ndiyo maana mjomba ana kadi mbili. Moja ina picha, imetoka ofisi aliyostaafu. Ya pili ni cheti cha shabaha cha mwaka. Ukiikosa moja, mbele ya sheria hii wewe ni raia mwenye bastola tu.

Kiboko ya Wajuaji #5

Mama Zuhura, sahihisho. Ni miaka 15, si 10. Na lazima uwe na haki ya pensheni.

Mama Zuhura #6

Kiboko, umesoma karatasi ya 2004 mwanangu. Ilirekebishwa 2010. Ikashuka kutoka 15 hadi 10, na sharti la pensheni likaondolewa. Siku hizi hata neno lenyewe limebadilika, wanasema aliyetengana na kazi, si lazima mstaafu. Halafu mwanzoni mwa 2013 wakaongeza polisi wa jeshi.

Kiboko ya Wajuaji #7

Nimenyooshwa. Asante mama.

Mgeni wa Kisumu #8

Wadau, nauliza tu: hivi huyo mjomba akiona mwizi New Jersey anaweza kumkamata?

Dereva wa Trela #9

Hapana kabisa. Sheria hii inampa ruhusa ya kubeba, haimpi mamlaka ya kukamata. Ni kama dereva mstaafu wa basi aliyeachiwa leseni bila basi. Akifyatua, anahukumiwa kwa sheria za jimbo alipofyatulia, kama mtu mwingine yeyote.

Chumvi Kidogo #10

Sawa, nakubali nilikosea #2. Lakini bado mjomba hajamaliza. Majimbo 50 anaweza kupita, si kila mlango wa majimbo 50. Sheria hiyo inaliachia jimbo kuzuia silaha kwenye mali zake na za serikali za mitaa: majengo, kambi, bustani za umma. Mwenye mali binafsi naye akikataza na jimbo likimuunga mkono, umekwisha. Ukumbi wa harusi ulikuwa na tangazo mlangoni?

Mpwa wa Houston #11

Mkuu ulikuwa na tangazo, picha ya bastola imekatwa mstari mwekundu. Mjomba alisimama pale karibu dakika nzima anasoma kama anasoma hati ya nyumba. Akarudi kwenye gari, akafungua kisanduku cha chuma chini ya kiti, akafungia. Akaingia ndani analalamika mkanda umelegea.

Nyuki wa Tabora #12

Hahaha mkanda umelegea! Kazoea uzito wa kilo pale kiunoni, sasa suruali haina wa kuishikilia.

Dereva wa Trela #13

Alifanya vizuri, na kuna mengine. Mahakama za taifa na ofisi za shirikisho usiingie nayo. Posta pia, hata kama unaenda kununua stempu. Ndege ndiyo usahau, mstaafu hapandi nayo kwenye kiti. Inakwenda kwenye mzigo wa chini, haina risasi ndani, kwenye sanduku gumu lililofungwa kufuli, na umeitangaza kwa shirika la ndege.

Kinachowakamata wengi ni shule. Kuna sheria nyingine ya taifa inayokataza silaha futi 1,000 kutoka shule, kama mita 300. LEOSA haikuigusa hiyo. Wanaosamehewa ni pamoja na aliyepewa leseni na jimbo ambalo shule ipo. Kwa hiyo mjomba akiwa na leseni ya Texas, karibu na shule za Texas yuko salama. New Jersey, kila alipopita barabara yenye shule...

Mpwa wa Houston #14

Ukumbi ulikuwa unatazamana na shule ya msingi.

Kiboko ya Wajuaji #15

😂😂😂 Uzi umepata moto.

Mgeni wa Kisumu #16

Hapo sasa. Sheria inakupa hamsini kwa mkono wa kulia, inakunyang'anya mita mia tatu kwa mkono wa kushoto.

Mama Zuhura #17

Na hamjauliza aina ya bastola. Cheti cha shabaha kinataka uwe umepimwa kwa silaha ya aina ile ile unayoibeba. Umefanya mtihani na bastola ya magazini, halafu safarini umebeba ile ya kuzunguka yenye risasi sita kwa sababu haivimbi chini ya shati, cheti hakikusaidii.

Mimi yangu iliishia kwenye kadi ya kwanza. Miaka 11 nimeshika funguo za watu, sijawahi kuchelewa zamu. Nimeomba kitambulisho cha mtu aliyeondoka vizuri, nikaambiwa "sisi hatutoi kwa watu wa jela." Nikarudi na sheria imechapishwa, nimeipigia mstari kwa kalamu ya kijani pale inaposema mtu anayesimamia kifungo cha wengine naye anahesabika. Yule binti wa dirishani akasoma mstari wangu, akasema, "Umeandika vizuri." Akanirudishia.

Chumvi Kidogo #18

Pole dada. Mahakama kadhaa zimesema sheria hailazimishi ofisi kutoa kadi. Ila kuna kesi ya wastaafu wa jela ya Washington DC, mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya pale iliwaambia wana haki wanayoweza kuidai mahakamani. Umeongea na wakili?

Mama Zuhura #19

Wakili anataka pesa ya kununulia bastola kumi. Nimeacha. Nina mbwa.

Sajini Asiyezeeka #20

Salamu kwenu nyote. Nimesoma kimya tangu juu.

Mimi nilitumikia Jeshi la Polisi Tanzania, nikatoka nikiwa sajini. Nimjibu kijana kuhusu baba yake mdogo. Kwetu silaha si ya askari hata akiwa kazini. Unaichukua chumba cha silaha, unasaini namba yake na idadi ya risasi, zamu ikiisha unarudisha, wanahesabu risasi moja moja. Imepungua moja, hulali. Sasa mtu ambaye hakuwahi kulala nayo nyumbani akiwa koplo, ataondoka nayo vipi akiwa babu?

Siku yangu ya mwisho nilirudisha sare jozi mbili, buti, mkanda, filimbi, kirungu. Mtunza ghala alikuwa kijana niliyemfundisha gwaride. Anaita kitu, naweka mezani, anaweka tiki. Tulipofika kwenye kofia nikamwambia imepotea. Alinitazama, akaweka tiki.

Nyuki wa Tabora #21

Afande kofia iko wapi?

Sajini Asiyezeeka #22

Endeleeni na mada.

Mgeni wa Kisumu #23

Kenya pia mstaafu anarudisha. Akitaka yake anaomba kama raia, kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Na mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliambiwa wajipeleke kuhakikiwa upya ndani ya siku 90. Mzee wangu alikuwa na leseni, alipanga foleni na watu ambao zamani walikuwa wanampigia saluti.

Kiboko ya Wajuaji #24

Bongo ni hivyo hivyo, kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Mstaafu jirani yetu aliomba, barua ilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kuwekwa ndani na huyo mstaafu kwa fujo ya kilabu. Mnaweza kukisia barua ilikaa mezani muda gani.

Sajini Asiyezeeka #25

Nina swali la kweli, msicheke. Binti yangu yuko Maryland, ananiita mwakani. Mimi nina zaidi ya miaka 30 ya utumishi na niliondoka vizuri, barua ninayo. Hiyo sheria inanihusu?

Dereva wa Trela #26

Shikamoo afande. Hapana. Inahusu waliotumikia vyombo vya dola vya Marekani. Na zaidi ya hapo, mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi kwa kawaida sheria ya taifa inamkataza kumiliki hata risasi. Kuna misamaha michache, kama mwenye leseni ya uwindaji. Binti akikupeleka kwenye kiwanja cha shabaha usishike hata kwa ajili ya picha kabla hujamuuliza wakili.

Sajini Asiyezeeka #27

Marahaba. Basi nitakuja na kofia.

Nyuki wa Tabora #28

ALAAA! Kumbe ipo!

Mpwa wa Houston #29

😂 Wakuu turudi kwenye swali la pili basi. Kwa nini wenzetu waliamua hivi?

Dereva wa Trela #30

Jibu la jirani yangu: kisasi. Umefunga watu miaka 25, wanatoka, wanakukuta dukani na wajukuu. Mhalifu hastaafu, kwa hiyo na wewe usinyang'anywe. Na hoja hiyo ndiyo iliyosemwa sana walipokuwa wanaipigania.

Chumvi Kidogo #31

Hiyo ni sehemu. Angalia mwaka: 2004, miaka mitatu baada ya Septemba 11. Hofu imetanda, serikali inataka macho mengi mitaani bila kulipa mshahara. Mstaafu mwenye bastola kwenye maduka makubwa ni mlinzi wa bure, risasi ananunua mwenyewe na shabaha analipia mwenyewe.

Kiboko ya Wajuaji #32

Nyote mnawapa sifa wasiyostahili. Ni kura. Chama cha askari, Fraternal Order of Police, kilisukuma muswada huo miaka na miaka kabla hata ya Septemba 11, kwa hiyo hoja yako Chumvi inachechemea. 2004 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais. Chama cha wakuu wa polisi, mabosi wenyewe, kilipinga, kwa sababu anayebaki na lawama mstaafu wa jimbo lingine akifyatua mjini kwako ni wewe. Wakashindwa na wingi wa askari wa chini.

Na aliyeupeleka muswada Baraza la Wawakilishi, Duke Cunningham wa California, alifungwa kwa rushwa 2006. Miaka minane na ushee. Watunga sheria hao.

Chumvi Kidogo #33

Kufungwa kwake hakuhusiani na muswada huu, tusichanganye. Senetini uliungwa mkono na Leahy wa Democrat na Campbell wa Republican. Kennedy ndiye aliyepinga.

Kiboko ya Wajuaji #34

Sijasema kunahusiana. Nimesema watunga sheria hao.

Mwana wa Bandarini #35

Assalaam aleikum. Mimi nina maoni mengine, mnisamehe kama narefusha. Nyote mnatafuta sababu Marekani. Itafuteni kwetu. Bunduki pwani hii na bara ilifika mikononi mwa askari ikiwa mali ya bwana mkubwa, Mjerumani kisha Mwingereza. Askari alikuwa mtu wa kuazimwa silaha, jioni inafungiwa, maana aliyeogopwa zaidi ni askari mwenyewe. Tukapata uhuru, ghala likabaki na kufuli lake. Marekani walianza na bunduki za raia ukutani, serikali ikaja baadaye. Hivyo kwao swali ni "kwa nini tumnyang'anye?" na kwetu ni "kwa nini tumpe?"

Sajini Asiyezeeka #36

Huyu kaongea. Ingawa miaka yangu tuliofungiwa silaha hatukujiona watu wa kuogopwa, tulishukuru. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, mlevi, mtu mzuri sana. Sitaki kufikiria angekuwa anarudi nayo nyumbani.

Mama Zuhura #37

Sajini, hilo ndilo wasilotaka kulisema huku. Sheria inasema usiwe umelewa, lakini haisemi chochote kuhusu saa tisa usiku peke yako jikoni, kazi imekwisha na simu hailii. Nimezika wenzangu wawili. Sijui mngeiweka kwenye hoja ipi kati ya hizo zenu.

Dereva wa Trela #38

Pole sana dada.

Mgeni wa Kisumu #39

Pole mama.

Mwana wa Bandarini #40

Mola awarehemu.

Kiboko ya Wajuaji #41

Pole mama. Nikiongeza tu kwa ajili ya kijana, hii sababu ya nne au ya tano sijui: majimbo yenyewe. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kesi ya Bruen Juni 2022, raia wa kawaida wamepata nafasi kubwa zaidi ya kubeba. Texas tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 asiye na katazo hahitaji leseni. Kwa hiyo nyumbani Houston mjomba hahitaji LEOSA hata kidogo. Inamfaa akivuka mpaka, hasa kwenda majimbo magumu kama New Jersey. Hao walitaka wastaafu waishio kwao wachukue kibali cha jimbo juu ya sheria ya taifa, shabaha mara mbili kwa mwaka, na risasi zenye tundu mbele hawakuzitaka. Mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikawakatalia Februari 2024.

Mpwa wa Houston #42

Wakuu asanteni, nimejifunza. Sasa leteni viti. Nimemaliza kusoma uzi nikaenda sebuleni kumwomba mjomba zile kadi nizione vizuri. Ya picha iko sawa. Ya shabaha tarehe yake ni Machi mwaka jana.

Chumvi Kidogo #43

Na harusi ilikuwa Juni mwaka huu?

Mpwa wa Houston #44

Juni mwaka huu.

Chumvi Kidogo #45

Miezi 15! Narudi kwenye jibu langu la #2. Chai.

Nyuki wa Tabora #46

Mjomba anasemaje?

Mpwa wa Houston #47

Ameivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akasema mtu wa kiwanja cha shabaha hakumkumbusha. Sasa hivi anapiga simu kuulizia nafasi ya Jumamosi, na shangazi amefungia funguo za kile kisanduku kwenye droo ya vijiko.

Dereva wa Trela #48

Mwambie abebe aina ile ile atakayovaa. Mama Zuhura kasema #17.

Nyuki wa Tabora #49

Na afande naye atupie picha ya kofia.

Sajini Asiyezeeka #50

Iko juu ya kabati. Mke wangu anawekea vitunguu.